Hotuba ya Mkurugenzi wa Kumbukumbu Siku ya Kuzindua Vyeti Vinavyolala Ubavu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye baada ya kutafakari kwa kina nimeona niwe mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni mimi. Naibu wangu, ambaye amenishikia miwani. Wakuu wa vitengo, wa vitengo vidogo, na wa vitengo ambavyo bado havijapata chumba. Makarani wote, kuanzia dirisha la kwanza hadi la tano, ambao nimewaagiza mfunge madirisha mtoke nje mje kufurahi. Mlinzi wa geti. Wadau, wabia na watarajiwa wa ubia. Na nyinyi wananchi mliopanga foleni tangu asubuhi mkidhani mmekuja kuchukua vyeti, kumbe mmekuja kushuhudia historia: nawasalimu kwa mujibu wa ratiba.

(Makofi ya makarani. Sisi wa foleni tulikuwa tumekalishwa kwenye viti vya plastiki kwenye ua wa ofisi, jua utosini. Ilikuwa saa tano na robo. Mimi nilifuata cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wangu, na mwalimu mkuu alishaniambia kwamba daftari la darasa la kwanza linafungwa leo saa nane mchana, asiye na cheti arudi mwakani.)

Ndugu wananchi, kwa muktadha wa mageuzi ya kidijitali, na kwa kuzingatia vizheni, misheni na rodimapu ya idara yangu, leo nina furaha isiyopimika, ingawa tumeipima tukapata asilimia tisini na sita, kuwatangazia kwamba ile programu ya zamani ya kufungulia nyaraka kwenye kompyuta zetu, ambayo mlikuwa mmeizoea kama mlango wa nyumbani kwenu, haipo tena. Ilikuwa programu ya aibu. Karani anabonyeza mara moja, cheti kinafunguka. Anabonyeza mara ya pili, kinatoka. Mwananchi anakichukua, anasema asante, anaondoka. Sekunde nne. Nawauliza, ndani ya sekunde nne mwananchi na idara yake wanaweza kufahamiana?

(Fundi baiskeli, aliyekaa nyuma yangu, akajibu, "Tulikuwa tunafahamiana vizuri tu.")

Naona mnaafiki. Sasa basi, kupitia mradi wangu mkubwa wa Apdeti Jumuishi, zile sekunde nne zimekuwa dakika arobaini, hilo likiwa ni ongezeko la mara mia sita, na sijui kama kuna idara nyingine yoyote iliyowahi kuongeza kitu chochote mara mia sita.

Cheti sasa hakifunguki ovyo ovyo kikiwa kimesimama kama kinadaiwa. Kinafunguka kimelala ubavu, kwa utulivu, kama mtu mzima aliyemaliza kula, na watafiti wetu wa ndani wamebaini kwamba waraka uliolala hauchoki. Wapo wanaolalamika eti hausomeki. Ndugu zangu, hatua zimechukuliwa: kompyuta zimelazwa ubavu nazo, zikaegemezwa majalada, na kwenye dirisha la pili, ambako majalada hayakutosha, amelazwa karani. Kwa hiyo idara yangu ni ya kwanza kuunganisha utoaji wa huduma na mazoezi ya viungo.

(Makofi machache. Karani wa dirisha la tatu, mama mmoja mpole aliyekaa kiti cha pembeni yangu, alipiga makofi kichwa kikiwa kimelalia bega la kushoto, shingo imefungwa mtandio. Nikamwambia, "Mwanangu, ukifika nyumbani ukandwe kwa maji ya moto." Akasema, "Nakandwa kila siku, bibi. Mume wangu anafurahi, anadhani siku hizi namsikiliza.")

Nikija kwenye suala la intafesi, ile sura ya programu kwenye skrini. Kwenye programu ya zamani palikuwa na kapicha ka printa, kamekaa juu, waziwazi, kila mtu anakaona. Hapakuwa na siri, hapakuwa na utafutaji, hapakuwa na ukuaji wa kitaaluma. Tumekaondoa. Badala yake kuna vidoti vitatu pembeni. Ukivibonyeza unapata orodha. Mwisho wa orodha kuna vidoti vingine vitatu. Ndani ya hivyo kuna neno "Zaidi", na nyuma ya "Zaidi", kwa mwenye subira na macho mazuri, kuna kuprinti. Wataalamu wanaiita yuza ekspiriensi, yaani mtumiaji anapata uzoefu. Karani mmoja aliingia humo Jumanne akatoka Jumatano, na leo hakuna anayemzidi kwa uzoefu katika jengo hili.

Aidha, programu sasa inasoma vyeti kwa sauti kubwa bila kuombwa na mtu, na huo ndugu zangu ndio uwazi na uwajibikaji ambao vitabu vyote vya utawala bora vimekuwa vikiuota.

(Hapo msusi wa mtaani kwetu akashindwa kuvumilia. "Uwajibikaji gani huo? Juzi imenisoma mbele ya foleni nzima. Wateja wangu wote wanajua nina thelathini na tano. Ikatangaza hamsini na mbili, tena ikarudia, maana karani alikuwa bado anatafuta pa kuizimia." Fundi baiskeli akamwambia, "Lakini umejitunza, dada." "Nyamaza wewe, na wewe ilikusomea majina yote matatu ya watoto wasiojulikana nyumbani kwako.")

Nashukuru kwa ushuhuda huo, ambao utaingia kwenye ripoti chini ya kichwa cha habari "Impakti kwa Jamii". Na nisisahau takwimu: katika wananchi mia mbili waliohudumiwa wiki hii, walioridhika ni mia mbili na wanane, na hao wanane wa ziada ni wa familia yangu, waliridhika wakiwa nyumbani.

Lakini kilele cha mradi, kitu ambacho nikikifikiria huwa naacha hata chai ipoe, ni Muhtasari Mahiri. Cheti cha kuzaliwa, ndugu wananchi, kina mistari kumi na minne. Nani ana muda wa mistari kumi na minne? Mashine inakisoma, inatafakari, inaondoa kila kisicho cha lazima, kisha inakutolea kiini chake, safi, kwenye karatasi nzima. Ningekuwa na mfano hapa ningewaonyesha.

(Nikasimama. Mfano nilikuwa nao mkononi. "Mheshimiwa, huu hapa. Nimepewa juzi dirisha la tatu, ndicho pekee mashine ilichokubali kutoa. Nimesomewa na watu watatu, sikuamini, nikamtafuta wa nne. Wote wanasema imeandikwa: Mtoto alizaliwa. Basi. Nimeipeleka shule, mwalimu mkuu akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaniuliza, mtoto gani?")

Bibi, ahsante kwa kushiriki. Hebu tuende kitaalamu. Mtoto alizaliwa au hakuzaliwa?

("Alizaliwa. Nilimpokea kwa mikono hii.")

Kwa hiyo taarifa ni sahihi kwa asilimia mia. Makofi kwa mfumo.

(Naibu akapiga makofi, miwani ikaanguka. Nikasema, "Baba, mimi sigombani na mfumo, nagombana na saa nane. Mimi darasa nimeliona kwa dirishani, nikipita na mzigo wa kuni kichwani. Huyu ataliona kwa ndani, na atakaa mbele, na ikibidi nitamkalisha mwenyewe. Sasa kunja hiyo karatasi makarani warudi kazini.")

Fidbaki yako imepokelewa, itaunganishwa na fidbaki nyingine na kuundiwa faili la fidbaki. Kukunja karatasi siwezi, bibi, kwa sababu bado nina kaulimbiu, na kaulimbiu zimeshaandikwa. Tusimame wote. Nikisema "Nyaraka", mnajibu "Mbele". Nyaraka.

("Ubavu," wakajibu watu.)

Apdeti kwa wote.

("Shingo kwa wote.")

Vidoti oyee.

(Hapo hakujibu mtu. Msusi alinong'ona, "Saa sita imepita, bibi yangu." Nikamwambia naijua, inanipita kifuani.)

Vizuri sana, kimya hicho nakitafsiri kuwa ni tafakuri. Sasa nitoe shukrani, kwa sababu mradi wa ukubwa huu hauwezi kuwa kazi ya mtu mmoja, ingawa kwa kiasi kikubwa ni kazi yangu. Nawashukuru wataalamu waelekezi, ambao hawakufika kwa kuwa hatukuwaita. Naishukuru kamati ya kiufundi, ambayo itaundwa. Naishukuru kampuni ambayo ingeshinda zabuni, endapo kungekuwepo na zabuni. Nawashukuru waliofanya upembuzi yakinifu, popote walipo na kama walifanya. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru karani wa dirisha la tatu, ambaye Jumatatu ya wiki jana, kompyuta ilipomuuliza yenyewe kama anataka toleo jipya, alibonyeza "Ndiyo" akidhani anafunga tangazo la sabuni, na kwa kidole hicho kimoja akabuni, akatekeleza na kukamilisha mradi wote kwenye kompyuta zote tano. Mimi nilipata habari zake Alhamisi, nilipopita nikakuta watu wameinamisha vichwa madirishani, nikadhani tumefiwa.

(Karani akasimama, kichwa begani. "Mheshimiwa, kwa hiyo haukuwa mradi?")

Sasa ni mradi. Nimeshauhutubia.

("Nauliza kwa sababu kwenye vile vidoti, chini kabisa, nimeona pameandikwa Rudisha toleo la zamani. Nimeogopa kupagusa wiki nzima. Nilijua ni agizo kutoka juu." Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mwanangu, paguse." Akaniangalia, akamwangalia Mkurugenzi, akaondoka. Makarani wanne wakamfuata, na foleni nzima nyuma yao.)

Karani, sijamaliza. Bado kuna shukrani kwa waliotayarisha shukrani. Lakini, lakini naona wananchi wameinuka kwa hamasa kubwa na kuelekea madirishani, jambo linalothibitisha kwamba fezi ya pili ya mradi, iitwayo Kurudi Tulikotoka, niliyoibuni hivi punde, imeanza kabla ya muda uliopangwa, na kwa mafanikio hayo najipongeza. Kwa hayo machache, nanyi viti vyote mliobaki, itifaki imezingatiwa, asanteni kwa kunisikiliza.

(Ndani, karani aliisimamisha kompyuta, akapangusa vumbi la jalada, akabonyeza. Cheti kikafunguka kimesimama wima: jina la mtoto, jina la mama yake, tarehe, muhuri, mistari yote kumi na minne. Alinisomea mmoja mmoja, kidole kikipita kwenye skrini, na sikumharakisha. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

"Bibi, nikutolee nakala ngapi?"

"Kumi, mwanangu. Toa kumi kabla hajazindua kitu kingine.")