Harusi Yangu Mwaloni

Jumatano, 13 Agosti 2003

Nimepata! Nimepata, nimepata! Leo nimeshuka mwaloni Ujiji, ufukweni kwa wavuvi, kumnyoa nahodha aliyevunjika mguu, na macho yangu yameona ukumbi wa harusi. Mchanga mtupu, mweupe, kutoka kwenye mitumbwi hadi kwenye nyumba. Hakuna watu, hakuna mizigo. Ziwa limetulia, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo. Miaka miwili niko mjini hapa tangu nitoke Kasulu, sijawahi kufika pale mchana. Watu wa hapa wamekalia mali na hawajui!

Nimeamua. Jumamosi tarehe 30, mimi Feliksi, kinyozi wa Katubuka, namwoa Armelle mwaloni. Hakuna maua ya plastiki, hakuna kamati, hakuna kadi za mchango. Ujiji itasimulia mpaka Krismasi.

Leonardi atakonda. Huyu ana ukumbi na viti mia vya plastiki, na kila anayeoa Katubuka lazima ampigie magoti. Tena nasikia amemwahidi baba mkwe ukumbi bure. Bure! Mtu aliyewahi kumnunulia Armelle soda hatoi ukumbi bure hivi hivi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemweleza Armelle. Hakucheka, hakukataa. Akasema popote sawa, hata chini ya kitanda, mradi bibi yake awepo.

Bibi Niyokwizera ndiye aliyemlea. Walipokimbia vita Burundi ndiye aliyemshika mkono mpaka wakavuka mpaka. Baadaye Armelle na baba yake, Mzee Ndizeye, wakaja mjini, bibi akabaki kwenye kambi ya wakimbizi. Sasa amejiandikisha kurudi kwao. Safari ni Jumanne tarehe 2 Septemba. Kibali cha kutoka kambini amepata cha Ijumaa tarehe 29 mpaka Jumapili tu, na muhuri umeshapigwa. Kwa hiyo ni Jumamosi hiyo au basi. Armelle amesema wazi: bibi asipoiona harusi, yeye hafungi ndoa. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mzee Ndizeye akauliza kwa upole kama sitaki tu ule ukumbi wa Leonardi. Nikamwambia shikamoo mzee, nikaondoka.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekwenda mwaloni kuwaarifu wanawake wanaoanika dagaa. Ni adabu tu, ziwa si la mtu. Mkubwa wao anaitwa Agnesi, mama mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko Kongo. Akaniuliza tarehe. Akahesabu kwa vidole. Akacheka.

Eti sasa hivi ni mbalamwezi, ndiyo maana ufuko ni mtupu. Eti mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa za karabai, kwa hiyo wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Eti tarehe 30 usiku utakuwa giza tupu, mitumbwi yote itakuwa kazini, na hapo ninapotaka kusimamisha bibi harusi patakuwa na dagaa mpaka mlangoni kwa watu. Akanishauri nisubiri mbalamwezi nyingine.

Nisubiri na bibi yuko Burundi! Nikaangalia mchanga. Hata mkia wa dagaa mmoja hakuna. Nimwamini nani, macho yangu au mtu anayehesabu vidole? Halafu nikakumbuka: kiti alichokalia Agnesi kilikuwa cha plastiki. Cheupe. Kama vya Leonardi. Nikamwelewa: katumwa. Nikamuaga kwa heshima zote.

Jumatano, 20 Agosti

Leo ilikuwa siku ya wafanyabiashara wadogo. Siri yangu ni moja: silipi, nanyoa.

Anifa wa maandazi amekubali kunijengea keki ya maandazi, ghorofa saba. Nitamnyolea mume na wanawe sita mwaka mzima. Asumani wa kioski atatoa makreti ya soda, wageni wakae juu yake. Yeye nitamnyoa nywele na ndevu. Manariyo, fundi cherehani, Mrundi mwenye mkono mwepesi kuliko wote hapa mjini, atatushonea kitenge cha sare, mimi na Armelle. Tulipokwisha kupeana mikono ndipo akavua kofia. Upara! Kichwa kizima kinang'aa! Tumejadiliana upya. Ametaka nimnyoe baba mkwe wake huko Mwamgongo, kila mwezi, na nauli ya boti juu yangu. Nimekubali. Mchungaji Yohani hana neno, kwani hubatiza watu ziwani kila mara. Hanyolewi. Anajikata mwenyewe, na inaonekana.

Viti vya plastiki: sifuri. Leonardi, pole sana ndugu yangu.

Alhamisi, 28 Agosti

Sijapata nafasi ya kushuka mwaloni tangu siku ile. Nitashukia nini? Mchanga hauhami.

Mchana nimekula dagaa kwa mama ntilie. Wanono! Sokoni wamejaa wiki hii, wanauzwa kila kona, hata kioskini kwa Asumani wapo. Neema ya Mungu. Sijui wametoka wapi.

Leonardi amepita kibandani kwangu. Kasema kama nitakwama nisione haya, viti vipo. Nimemjibu kwamba watu wa kisasa hawakalii plastiki. Akatabasamu. Mtu mbaya sana.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimeoa. Naandika nikiwa nanuka.

Nilifika mwaloni asubuhi na makreti ya Asumani kwenye mkokoteni. Mchanga haupo! Haupo! Dagaa kulia, dagaa kushoto, dagaa mbele ya milango, wanang'aa juani mpaka macho yanauma. Wanawake kama thelathini wanawageuza kwa reki. Agnesi akanipungia mkono kutoka katikati. Akauliza ukumbi wangu nimeuonaje.

Nikafanya akili. Nilikuwa na turubai mbili, nikatandika moja juu ya dagaa, kidogo tu, kama zulia. Sijawahi kufukuzwa na reki maishani. Nilikimbia mpaka maji yakanifika kiunoni, na kitenge changu kipya.

Mazungumzo yalifanyika nikiwa majini. Agnesi alikubali kutuachia njia moja, upana wa reki. Basi. Wageni walipofika wakapanga foleni humo mmoja mmoja kama watu wa mgawo wa unga. Waliokalia makreti waliinuka na miraba nyuma ya suruali. Keki ya Anifa ilibebwa na watu wawili ndani ya njia ile, ghorofa ya saba ikaanguka, ya sita ikaifuata, bata wa jirani akaikimbilia. Mzee Ndizeye alitazama ziwa tu. Armelle akaja amevaa kitenge chake. Akaangalia dagaa, akaniangalia mimi ninavyochuruzika maji. Akasema kama hii ndiyo harusi ambayo bibi yake ataibeba kichwani mpaka Burundi, bora isiwepo. Akageuka.

Niliogopa. Nakiri hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Nilijiona nikirudi Katubuka peke yangu na kreti mgongoni.

Ndipo wingu likatokea juu ya milima. Jeusi, Agosti hii! Agnesi akapiga kelele waanue, maana dagaa wakinyeshewa wanaoza. Wanawake wakaanza kukimbia. Na mtu wa kwanza kuwafuata alikuwa Bibi Niyokwizera. Mama wa miaka sabini na kitu, katika kitenge kilichopigwa pasi, kapiga magoti, anazoa dagaa kwa mikono miwili na kuimba Kirundi! Akawafokea wageni: wamesimama nini, chakula cha watu kinaharibika! Eti miaka kumi kambini ndagara, ndiyo dagaa kwa Kirundi, zilihesabiwa kwa kijiko, leo zimemwagwa chini namna hii na vijana wanazitazama tu na viatu vyao miguuni.

Nani angebaki amesimama? Mzee Ndizeye akavua koti. Mchungaji akashika reki. Armelle akazoa kwa upande wa kitenge chake, huku anacheka na kulia pamoja. Hata Leonardi! Sikumwalika, lakini alikuwepo, anaanua kwa kiti cha plastiki kilichopinduliwa. Muda mfupi tu, dagaa wote wako kwenye magunia.

Na mchanga ukabaki mtupu, mweupe. Wingu likapita bila kudondosha tone. Tukafunga ndoa hapo hapo, bibi yuko mbele kabisa, magamba mpaka kwenye nyusi. Alisema hajawahi kuona harusi iliyoandaliwa kwa heshima kama hii. Alidhani dagaa nimewapanga mimi kwa ajili yake! Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Armelle alinikanyaga.

Wageni walikalia viti vya Leonardi, alivileta kwa gari, zawadi. Aibu iliyoje. Atajuta.

Jumanne, 2 Septemba

Bibi ameondoka leo. Alikuwa na mfuko wa nguo na gunia la dagaa alilopewa na Agnesi, na gunia ndilo lililokuwa kubwa. Amemwambia Armelle kwamba atakapofika mlimani kwao atawaonjesha majirani wote dagaa wa harusi ya mjukuu wake. Armelle amelia mpaka sauti ikaisha. Mimi nilisema ni vumbi.

Nikiwa njiani kurudi nikapata wazo. Watu wote wanaisema harusi yangu. Wote! Nimeanzisha biashara: Feliksi, Harusi za Mwaloni. Mteja wa kwanza tayari, Marcelina, binti wa Mchungaji Yohani. Tarehe nimepanga mwenyewe. Nimegundua kosa langu: dagaa walikuwepo kwa sababu ilikuwa Jumamosi ya kuanika. Ni bahati mbaya ya mara moja. Wiki nne baadaye watakuwa wameshakauka zamani. Kwa hiyo Jumamosi, tarehe 27 Septemba. Nimekwenda kumwarifu Agnesi. Amehesabu kwa vidole, akataja giza tena, akacheka mpaka akakaa chini.

Leonardi atakuwa amemlipa tena.