Vitumbua vya Mama Mkwe na Kuku wa Busisi

Leo kuku amenivua nguo. Nguo za mwili ninazo, msiwe na wasiwasi, ila heshima yangu imebaki Busisi kwa mama mkwe. Nawasimulia mwenyewe kabla mawifi hawajawasimulia.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Kulwa wa Igogo, na nina ugonjwa wa tezi ya shingo. Daktari alinieleza kwamba kinga ya mwili wangu imeamua kuishambulia tezi yangu mwenyewe. (Mlinzi kampiga mwenye nyumba.) Nilinenepa huku sili, nikawa nasikia baridi kwenye jua la Mwanza. Sasa kila asubuhi nameza kidonge kwa maji matupu, halafu nakaa lisaa lizima bila kuweka kitu kingine mdomoni. Na ngano nimeacha. Daktari alisema tiba ni kidonge, hiyo ngano tujaribu tu tuone. Nimejaribu, tumbo limetulia, sitaki kurudi nyuma.

Shida ni kueleza. Ugonjwa wenyewe hauonekani. Ukimwambia mtu mwili wako unajipiga wenyewe, anakuuliza ni nani kautuma. Kwa hiyo Krismasi, mama mkwe alipoleta chapati, nilisema nimeshiba. Nimetoka safari na njaa zangu, halafu nimeshiba! Mama akarudisha sahani jikoni. Baadaye wifi akaniambia, "Mama anasema unamwona mchawi."

Kwa mama mzee wa upande ule, neno hilo si utani. Tangu siku hiyo hakunipigia simu, na mimi nikashindwa kuanza.

Leo asubuhi Baba Kulwa akawasha gari. "Twende kwa mama. Leo utakula."

"Nitakula nini?"

"Utakachopewa. Usiniulize sana."

Nikaapa moyoni kwamba liwalo na liwe, leo mama harudishi sahani yangu jikoni.

Sasa sikilizeni akili zangu. Miaka yote, siku za safari kidonge changu nakimezea Kigongo, kwenye foleni ya kivuko. Unameza, unasubiri, unavuka, ukifika kwa mama lisaa limeshapita zamani. Kivuko ndiyo ilikuwa saa yangu. Leo tulipokaribia Kigongo mkono ukaenda wenyewe kwenye mkoba, nikameza. Halafu gari halikusimama. Likapanda daraja jipya.

Nilikuwa sijapita juu yake tangu lifunguliwe. Jamani, nimezaliwa kando ya ziwa hili na sikujua linaweza kutazamwa kutoka juu namna ile. Nguzo zimesimama majini zimetulia, nyaya zinapanda, na maji yale tuliyokuwa tunayaomba njia tangu utotoni leo yako chini ya matairi yetu. Machozi yakanilenga. Nilifikiria wajawazito waliougulia pale gatini wakisubiri kivuko. Bado nimeachama, Baba Kulwa akasema, "Busisi hii hapa."

Ndipo nikakumbuka kidonge. Nadhani kilikuwa bado kiko kooni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Karibu. Umekonda." (Sijakonda. Ni upendo.)

Uani walikuwa wamekaa kina mama wa jumuiya yake ya kanisani, wote wananitazama. Baba Kulwa akavutwa na kaka zake kwenda kuona ng'ombe. Nikabaki peke yangu na sinia la vitumbua vya moto na kikombe cha chai ya maziwa. Na vitumbua vya mama, tangu naolewa, ni vya ngano.

Nikila, naharibu dawa na tumbo. Nisipokula, nimemwita mama mchawi mara ya pili, safari hii mbele ya mashahidi. Mama mmoja akasema tufumbe macho tuombee chakula. Akaanza na mvua, akaja kwa wagonjwa, akapita kwa viongozi. Alipofika kwa wasafiri, vitumbua vyangu vilikuwa tayari ndani ya mkoba. (Mungu aliona. Nilitegemea ataelewa.)

"Ameni."

Mama akatazama sahani yangu tupu. Uso wake ukafunguka, sijawahi kuuona hivyo. "Amekula!" Kina mama wakapiga vigelegele, kwa ajili yangu, mwizi. Mama akanijazia sahani upya, akaanzisha wimbo wa shukrani. Wanaimba macho wamefumba, mimi napakia. Mafuta yamelowesha simu, yamelowesha kitambaa, mkoba umekuwa kikaango. Nikauweka chini nyuma ya kigoda, nikanyanyua kikombe na kukigusisha mdomoni kwa adabu.

Kuku jike mmoja, mwekundu, akapita nyuma yangu. Sikumjali.

Alitokea katikati ya mkeka na kitumbua mdomoni. Wenzake wakamfukuza. Mmoja akagundua ghala liko wapi, wakauvuta mkoba, ukalala chali, vitumbua vikamwagika mbele ya jumuiya nzima pamoja na kichupa changu cha vidonge. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti.

Mama akanitazama. "Kwa hiyo bado unaniogopa."

Nikapiga magoti palepale kwenye makombo. Nikasema yote: tezi, kidonge, lisaa, daraja lililonifikisha kabla ya wakati, ngano. Nikasema, "Sikuogopi mama. Naona aibu ya kuumwa."

Kisha akaokota kitumbua, akakipasua mbele yangu. Ndani cheupe pe.

"Ni mchele," akasema. "Mume wako aliniambia kwenye simu juzi kwamba ngano huli. Nikamkataza asikwambie, nilitaka ule kwanza kwa kuniamini, si kwa kunihurumia. Mashineni wanasaga na ngano, nikaogopa vumbi lake. Nimetwanga."

Ametwanga! Mama ambaye goti likimkamata hata kanisani haendi, ametwanga mchele kwenye kinu mpaka ukawa unga, kwa ajili ya mkwe anayemwona mchawi. Nilishangaa daraja asubuhi, nikadhani nimemaliza kushangaa. Nikalia kwa sauti.

"Na hicho kidonge ungesema tu tungoje," akaongeza. "Chakula hakina miguu." Yule mwekundu akapita mbio na kipande kingine, na mama akawa wa kwanza kucheka. Kina mama wakamfuata, mmoja akalala kabisa kwenye mkeka.

Lisaa lilipotimia nilikula vilivyobaki kwenye sinia mpaka mama akaniambia basi.

Tulipoaga, mama akaniletea zawadi ya mgeni kama ilivyo desturi, kuku, kafungwa miguu. Mwekundu. "Huyu ameshakula chakula chako," akasema. "Nenda mkaelewane."

Tumevuka daraja naye mapajani. Sasa hivi yuko jikoni kwangu, ananiangalia, na sina uso wa kumchinja. Anayetaka kucheka apange foleni nyuma yake.