Salamu za Granville kwa Watawa wa Ufaransa

Hakuna binadamu aliyewahi kwenda Ufaransa kabla ya Ishmael Omollo. Wale mamilioni wanaoishi huko msiwahesabu, maana wao hawakwenda, walizaliwa tu!

Hivyo ndivyo ungedhani kama ungemwona Omollo akiingia kanisani Granville, huku nchi ya kangaruu, Jumapili ile ya mwisho ya Oktoba. Joto digrii thelathini na nne, naye kajifunga skafu ya sufu shingoni, mizunguko mitatu. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye soksi. Alipoulizwa kama anaumwa koo, alijibu kwa upole wa mtu aliyeona mengi.

"Aa, hapana. Huko tulikokuwa, watu huvaa hivi."

Yaani Ufaransa, alikokuwa yeye na mkewe, Zilpah. Na kusema kweli, safari ilikuwa ya Zilpah. Muuguzi yule alikuwa amekesha na wagonjwa wa watu miaka kumi na mitano, akapata likizo yake ndefu, akasema anataka kitu kimoja tu: kwenda mashambani Ufaransa, aone makasri ya wafalme, kisha akae kando ya mto asikilize maji. Omollo alichukuliwa kwa sababu ya masanduku.

Lakini Omollo alikuwa na hesabu zake. Mwenyekiti wa Ushirika wa Kiswahili pale kanisani alikuwa amehamia Perth, kiti kikabaki wazi. Omollo amekitamani kiti hicho miaka saba. Ameshindwa mara mbili, na mara ya pili alishindwa na mtu ambaye hata hakuwepo siku ya kura! Sasa mpinzani alikuwa mmoja tu, Wilondja, Mkongomani anayefanya kazi kwenye ghala moja la Villawood, mtu wa maneno machache kiasi kwamba wengine walidhani hajui Kiswahili.

"Mimi nikishapeleka salamu zetu ng'ambo, huyo atanishindaje?" Omollo alimwambia mkewe walipokuwa wakifunga mizigo.

"Salamu gani, Baba Tevin?" Tevin ni kifungua mimba wao, na ndivyo wanavyoitana.

"Za kanisa!"

"Kwani kanisa limekutuma?"

"Mama Tevin, kiongozi hangoji kutumwa!"

Basi wakaenda. Kasri la kwanza lilikuwa na vyumba arobaini na sita, na Omollo aliingia na kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai. Nyumba ya watu unaiendeaje mikono mitupu? Mama aliyekuwa akikata tiketi mlangoni aliipokea sukari, akaigeuzageuza, akaiweka kwenye kabati la vitu vilivyosahauliwa na wageni.

"Sasa mwenyewe yuko wapi nimsalimie?" Omollo aliuliza kwa Kiingereza.

"Hakuna anayeishi hapa, bwana."

"Vyumba arobaini na sita, hakuna mtu? Hana hata shemeji?"

Siku sita, makasri tisa. Zilpah alijaribu kupiga picha za minara na bustani, lakini kila akiinua simu Omollo ameshajitia mbele, mkono kiunoni. Liko kasri la miaka mia tano ambalo limezibwa lote na tumbo lake, ukabaki mnara mmoja unaomchomoza sikioni kama antena ya redio. Ile picha ndiyo aliyoichagua kwa kampeni.

Shabaha yake kuu ilikuwa abasia, nyumba ya watawa wa kiume, iliyojengwa bondeni karibu na mto. Mlangoni palikuwa na kibao, nacho kwa bahati kiliandikwa Kiingereza pia. Wageni walikaribishwa kwenye sala ya mchana, ila wanyamaze.

"Wamesema kimya," Zilpah alimkumbusha.

"Hiyo ni ya watalii. Mimi nina salamu."

Zilpah aliitazama abasia, akautazama mto, akamtazama mumewe. Kisha akasema nenda, mimi nitakungoja kule chini mtoni, akashuka, akaketi kwenye majani karibu na daraja na mkate wake na kipande cha jibini. Yaliyotokea ndani hakuyaona. Aliyasikia tu Jumapili ile ya skafu, siku ya uchaguzi, pamoja na kanisa zima.

Kila mgombea alipewa dakika tano. Wilondja alisimama wa kwanza. "Munanijua. Asanteni," akasema, akakaa. Omollo nusura amwonee huruma.

Kisha akasimama yeye, akaikaza skafu.

"Ndugu zangu, nilisimama katikati ya wale watawa, wazee kama ishirini, mavazi meupe pe! Nikawaambia, Bwana asifiwe!"

"Amen!" kanisa likaitika.

"Waliitika hivyo hivyo!"

Hapo aliteleza kidogo. Hawakuitika hata mmoja. Walikuwa wameinamisha vichwa, kimya, kama walivyofanya kila siku saa sita tangu kabla Omollo hajazaliwa. Lakini kila aliyelelewa kwenye makanisa yetu anajua: ukisema Bwana asifiwe watu wakanyamaza, basi wamesinzia, na dawa ni kurudia kwa sauti zaidi. Omollo akarudia. Kimya. Akarudia kwa makofi. Kimya! "Wapendwa, mmelala?" aliwauliza, tena kwa Kiswahili. Alirudia mara kumi na moja, mpaka njiwa wa darini wakahama. Ndipo akaona hawa wamepoa sana kiroho, akaamua kutoa salamu vivyo hivyo: za pasta, za kwaya, za akina mama, za vijana, za wagonjwa, na za wote waliotamani kuja wakanyimwa visa.

"Nikaongea kama dakika tano tu," Omollo aliwaambia watu, na huko nyuma Zilpah akakohoa. "Halafu mkuu wao mwenyewe, abate, mzee wa miaka themanini, akainuka, akanishika mkono, akanisindikiza. Si mpaka mlangoni! Si mpaka getini! Mpaka mtoni, nusu kilomita nzima, na mkongojo wake! Akasimama pale ananitazama mpaka nikavuka daraja. Niambieni, mtu husindikizwa hivyo kama hapendwi?"

"Hapana!" kanisa likajibu kwa sauti moja.

Na kwetu ni kweli, mgeni asiyependwa huagwa akiwa bado kwenye kiti. Omollo aliiamini hadithi yake kwa moyo wote. Kule darajani alikuwa amelia machozi ya furaha, akakimbilia kwenye gari upande wa pili kuwapigia watu simu.

Pasta Kariuki akapangusa miwani. "By the way, Alhamisi tumepata barua kutoka huko Ufaransa. Imeandikwa Kifaransa, sasa mimi sijui—"

"Isomwe!" Omollo akaruka. Aliwaachia watawa anwani ya kanisa kwa makusudi hayo hayo. "Ketsia anajua Kifaransa! Ketsia, njoo!"

"Pasta, labda tupige kura kwanza," Zilpah alisema.

"La hasha! Wasikie kabla hawajapiga!"

Ketsia wa kwaya, binti wa Bukavu, alikuja mbele akaifungua ile barua. Macho yake yalishuka mpaka mwisho wa ukurasa, yakarudi juu.

"Papa Omollo, nisome yote?"

"Yote! Usiruke hata nukta!"

"Bon. Wanasema, 'Wapenzi ndugu wa Granville, tulipokea mugeni wenu siku ya tatu ya juma.'"

"Mnasikia?"

"'Alikaa na sisi saa moja na dakika kumi.'"

Watu wakageuka kumtazama. "Saa za kule ni tofauti," Omollo alieleza.

"'Sisi tunaishi katika kimya. Ndugu yetu Anselme, inje ya sala, hajasema hata neno moja tangu miaka makumi tatu na moja.'"

"Mtu mtakatifu sana yule. Alikaa karibu na nguzo."

"'Siku ile alisema.'"

"Haleluya! Alisema nini?"

Ketsia akamtazama Pasta Kariuki. "Pasta, hii siwezi kuitafsiri ndani ya kanisa."

Mtu mmoja wa nyuma alianza kucheka, akajiziba kwa kitabu cha nyimbo. Omollo alinyoosha mkono aichukue barua, lakini Ketsia alikuwa ameambiwa asiruke hata nukta.

"'Abate wetu alimutoa mpaka kwa mto, sababu mulango ilikuwa karibu sana. Tumemusamehe. Mukitaka kututumia salamu tena, posta inafika hapa muzuri kabisa.'"

Hapo kanisa lilivunjika! Akina mama walilaliana mabegani. Pasta Kariuki aliinamia Biblia yake, na mabega yalikuwa yakitikisika. Wilondja peke yake hakucheka.

"Haijaisha," Ketsia alisema. "'Kando ya mto tulikuta mama, bibi yake. Wakati bwana yake alikuwa anapiga simu upande ya pili, abate alikaa na yeye robo saa. Hawakusema kitu. Abate anasema ni mazungumuzo muzuri kupita yote ya huu mwaka. Tuko na chumba ya wageni inaangalia mto. Huyu mama, arudi wakati anataka.'"

Kura ilipigwa kwa kuinua mikono. Wilondja aliinuliwa mikono mingi mpaka Pasta akaacha kuhesabu. Omollo aliinuliwa mmoja, nao ulikuwa wa kwake. Mwenyekiti mpya akaombwa aseme neno, akasema, "Chakula ni tayari."

Garini, njiani kurudi nyumbani Lidcombe, skafu ilikuwa kwenye kiti cha nyuma na Omollo alikuwa ameumia, ameumia kweli. Si watu, watu anawajua. Ni ule mkono mmoja aliokuwa akiutegemea.

"Hata wewe, Mama Tevin. Hata wewe hukuniinulia mkono."

"Mikono yote ilikuwa kwenye simu."

"Wakati wa kura! Ulikuwa unatafuta nini cha maana hivyo?"

"Tiketi ya ndege ya Ufaransa."

Omollo akakaa wima. Damu ilimrudi usoni. Kumbe! Kumbe mke ni mke! Watu wote wamemcheka, yeye yuko upande wake, anamtafutia njia ya kusafisha jina!

"Sasa hiyo ndiyo akili!" akasema. "Wale wazee hawakunielewa, ni lugha tu. Nikirudi nitawaeleza polepole, nianze upya kabisa. Tunaondoka lini?"

"Mimi naondoka Aprili," Zilpah alisema, akiwasha indiketa. "Wewe andika hizo salamu, nitawapelekea. Ukurasa mmoja, Baba Tevin."