Kiraka cha Duara

Jumatatu, 2 Karkadakam

Mvua, kama kawaida ya mwezi huu. Kifua kinalia kama mlango mbovu. Mganga amesema sikukuu ya Onamu, mwezi ujao, sitaiona. Basi niandike ukweli, maana sina muda wa kujipamba: sitaki kufa kabla sijakijua kiraka cha Divakaran.

Mzingo wa duara tulifundishwa sote. Chukua kipenyo mara nne, toa theluthi yake, ongeza sehemu yake ya tano, toa ya saba, endelea hivyo. Tatizo, haukomi! Ukitoa, unapungua. Ukiongeza, unazidi. Nimepanga kete za kuhesabia sakafuni tangu ujanani na bado unayumba. Divakaran, mtoto wa mama yangu mdogo, yeye husimama mapema, hupachika kiraka kidogo mwishoni, na jibu hutulia. Humfundisha yeyote atakayeketi chini, mkekani, mbele yake. Mimi? Niliyembeba mgongoni? Afadhali kifo. Nitamchokoza mpaka aseme mwenyewe.

Alhamisi, 5 Karkadakam

Nimemtuma Kuttan, mpishi wangu, ng'ambo ya mto akamwambie nimepata kiraka bora kuliko chake. Lazima aje kubisha! Kuttan karudi na fenesi. Divakaran kasema, hongera sana kaka, sasa upumzike. Nyoka huyu! Fenesi lilikuwa tamu.

Jumamosi, 7 Karkadakam

Hila kubwa. Nani atamnyima siri mtu anayekata roho? Nikajilaza, macho juu, nikamwamuru Kuttan alie. Akalia kupita kiasi. Majirani wakaja na mashoka kuuangusha mwembe wa uani, kuni za kunichomea, kama ilivyo desturi. Divakaran naye akavuka mto uliofurika, kalowa chapachapa, akanishika miguu huku machozi yakimtoka. Nikamnong'oneza: kiraka, ndugu yangu. Akainama. Akaanza kusema kwamba popote nitakaposimama, nichukue hesabu inayofuata...

Mwembe ukaanguka. Nikaruka kitandani. "Mwembe wangu!"

Alicheka hadi akakohoa. "Kaka, mkeka ni mkeka tu. Njoo kwangu uketi, nikumalizie." Nikamwambia aketi yeye chini, anifundishe nikiwa kitandani. Akasema elimu ni kama maji, haipandi mlima. Akaondoka na mvua ileile. Sikumwambia angoje ikatike.

Jumatano, 11 Karkadakam

Divakaran amefariki. Homa. Aliipata Jumamosi, kwenye mvua.

Watu wa nyumbani kwake wamekuja kuomba kuni. Huko kwao kila kitu kimelowa, na mwembe wangu ulikwisha kupasuliwa na kupangwa chini ya paa. Niliwapa. Nimeutazama moshi wake kutoka ukingo wa huku. Kuttan ameleta uji. Sikuugusa. Hakuna tena mtu duniani wa kuniita kaka.

Jumanne, 24 Karkadakam

Siku za msiba zimekwisha. Nimebebwa hadi nyumbani kwa marehemu. Binti yake, Arya, amezungumza nami akiwa nyuma ya mlango, kama walivyo wanawake wa nyumba zetu. Amesema baba yake alimfundisha kile kiraka jikoni, chote, na alipozidiwa na homa akamwachia wosia: kaka yangu akija, mpe.

"Mkeka huo hapo, Baba Mkubwa. Keti tu, nianze."

Sauti ya baba yake kabisa. Magoti yakataka kukunjika yenyewe. Nikayakatalia! Nikasema nimepita kutoa pole tu. Kisha nikasikia analia, taratibu, kama mtu aliyeshindwa kutimiza alichoagizwa. Nami nililia njia nzima. Wabebaji nikawaambia ni mvua, nao kwa heshima wakaitikia, ingawa jua lilikuwa linawaka.

Mganga amepita. Hasemi tena habari za Onamu, anasema habari za kesho na keshokutwa.

Lakini nimepata njia! Alfajiri namtuma Kuttan akaketi kwenye ule mkeka badala yangu. Hesabu hajui hata chembe. Ila ana magoti mazuri.