Dole Gumba la Malkia wa Najma

Ijumaa, 1 Agosti
Leo nimetawazwa! Velma alipolitamka neno nilimchapa kofi la mgongo. Kwetu Tanga kutawaza ni kumsafisha mtoto akitoka chooni. Mimi nimetawaza wajukuu kumi na mmoja, leo nani anitawaze mimi? Shani, wa kwetu huyu, alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kuwa ni kuvikwa ufalme pia. Ah! Hapo sawa.

Velma ni mlinzi wa hoteli, anasomea mambo ya serikali kwa simu. Kasema nyumba yetu ya wanawake wanne hapa Najma, Doha, iendeshwe kama nchi yenye mfalme na bunge. Yeye, Shani na Kawira ndio bunge. Velma waziri mkuu. Mimi Malkia! Kiti chekundu cha sebuleni changu, na kila amri itatoka kwa jina langu. Nikauliza mimi nitaamua nini. Akajibu: "Shosho," yaani bibi kwa lugha yao, "wewe unatawala, sisi tunaendesha." Sikuona tofauti.

Akataka niseme kwa sauti: "Nimekubali." Nikasema. Akaleta wino na karatasi tano tupu, za sheria zijazo. Nikazipiga dole gumba zote. Raha!

Jumapili, 3 Agosti
Saa sita mchana. Wote kazini. Joto limefukuza hata paka. Doha nzima kama imehamwa, ni viyoyozi tu vinavyonguruma. Natoka jikoni, nakuta tangazo kwenye friji: Malkia ameamuru vyombo vioshwe mara baada ya kula. Mimi? Sijaamuru kitu! Ila amri ya Malkia haikataliwi. Nikaviosha.

Nikakigusa kiti changu. Kina moto. Tangu alfajiri sikukikalia.

Jumatatu, 4 Agosti
Tangazo la pili limenikata maini. Malkia ameridhia Kawira ahame Alhamisi, kitanda chake apewe Ann, binamu yake Velma. Kawira! Mtoto anayenichua magoti kila nikirudi msalani! Hana pengine pa kwenda. Chini ya tangazo, dole gumba. Nikavaa miwani. Lina kovu katikati, la mbuzi ya nazi. Langu.

Nikamwambia Velma sikuridhia, humu ndani mna mchawi. Akasema Malkia huridhia daima, ndiyo katiba. Haki zake ni kuulizwa, kutia moyo na kuonya. Nikamwonya kuwa nitamchapa mwiko. Akasema onyo limepokelewa.

Jumanne, 5 Agosti
Hila ya kwanza: kuvunja bunge. Nilisimama mbele ya kiti nikatangaza limevunjika. Velma, mdomo umejaa wali wangu, akasema Malkia huvunja bunge kwa ushauri wa waziri mkuu, na yeye hashauri. Kisha akaomba achari!

Mchana, niko peke yangu, nikasikia mtu sebuleni. Sauti ya kizee. "Nimekubali." Punde, tena: "Nimekubali." Nikachungulia. Kiti kitupu. Na sauti ni yangu! Nikasoma Ayatul Kursi, nikainua mto wa kiti.

Simu kuukuu ya Velma, iko kwenye chaji, kumbe ule moto ni wake. Kumbe Ijumaa alinirekodi, kaifanya sauti yangu mlio wa ujumbe! Nikachomoa betri nikaitia mfukoni. Simu nikaizika kwenye pipa la unga.

Jumatano, 6 Agosti
Shani ametoboa siri tukimenya vitunguu. Bunge likikosa imani na waziri mkuu, serikali huanguka. Kura ni tatu. Ya Kawira yetu. Ya Velma yake. Ya Shani inayumba: kaahidiwa kitanda cha dirishani. Nikampikia mkate wa kumimina, nikamkumbusha nani alimuuguza akiwa na homa. Akala vipande sita. Akasema atafikiria. Akala cha saba.

Alhamisi, 7 Agosti
Begi la Kawira mlangoni, limefungwa kwa kanga yangu. Shani akasimama: hana imani! Mbili kwa moja. Velma akauliza ule mkate ulitiwa nini. Iliki, nikamjibu. Akajiuzulu, akanipa shikamoo, akaosha vyombo. Nikamhurumia. Nikamwambia Ann na aje, tutabanana chumbani kwangu. Kumbe vita vyote dawa yake godoro moja.

Ijumaa, 8 Agosti
Waziri Mkuu Kawira! Kanibusu mkono. Kaja na wino na karatasi tano tupu. Za nini? Za mbeleni, shosho. Huyu si Velma, huyu ni mwanangu. Nikazipiga zote, nikamwongezea ya sita.

Nikiwa nafuta kidole, kitini pakasema: "Nimekubali."

Simu ingali ndani ya unga. Betri ninayo mfukoni. Nikakigusa kiti. Moto.

Alhamdulillahi. Malkia kapata msaidizi wa kumkubalia.