Jibu ni Jumatano Pon

Jumatatu Legi, 3 Juni
Nimejiandikisha darasa la kutengeneza programu za simu, ofisi ya kijiji. Mimi, Trimo, miaka sitini na nane, elimu darasa la tano (niliingia, sikumbuki kutoka). Bwawa la kambare lisubiri. Tempe yangu ya soya ivunde yenyewe. Kishada changu bado hakina mkia. Kuna jambo kubwa zaidi: Bu Sarinten, mjane, muuza gudeg, ule mchuzi wa fenesi changa. Namtaka! Nilipomposa alisema haolewi mpaka siku zetu za kuzaliwa zijumlishwe, ya wiki na ya soko (zile tano: Legi, Pahing, Pon, Wage, Kliwon), ionekane kama tunapatana. Na mjumlishaji wa kijiji ni nani? Pak Rejo. Naye anamtaka! Akahesabu vidole, akatikisa kichwa: mimi na Sarinten, ati njaa na ugomvi. Mnafiki mkubwa!

Jumanne Pahing, 4 Juni
Dawa ya Rejo ni simu. Simu haina upande, kila mtu anasema hivyo. Mwalimu wetu, Bu Ratri, binti mwenye subira ya nyati wa kufugwa alimaye mpunga, anataka tuanze na mbili kujumlisha mbili. Nikamwambia mimi naanzia kwenye jibu. Tempe imekuwa nyeusi. Nimewapa kambare. Wamekataa.

Alhamisi Wage, 6 Juni
Imekamilika! Weka siku yako, bonyeza, jibu hili hapa: "Mwenza wako kazaliwa Jumatano Pon. Ana bwawa la kambare." Jumatano Pon ni mimi, nani mwingine! Bu Ratri akauliza hesabu iko wapi. Nikasema iko moyoni. Alicheka mpaka akashika meza. Nimempelekea Sarinten jioni.

Ijumaa Kliwon, 7 Juni
Aibu! Nilisahau kwamba yule ni mpishi: hapakui kitu kabla hakijaonjwa. Akawaonjesha wateja wote programu yangu. Mkunga: mimi. Mke wa mkuu wa kijiji: mimi! Bibi wa miaka tisini: mimi, akaomba kitana. Mara Rejo naye akabonyeza. Mimi! Akanifuata katikati ya soko, mikono wazi: "Haya mpenzi, mahari lini?" Nikamjibu simtaki, anakoroma. Sarinten aliangusha upawa kwa kicheko.

Jumapili Pahing, 9 Juni
Amekuja mwenyewe, na gudeg kwenye jani la mgomba. "Pak Trimo, wewe ni mjinga," akasema, "lakini mjinga mwenye juhudi." Kumbe alishakwenda kuhesabiwa kijiji cha pili tangu mwezi wa mfungo: sisi wawili, riziki na vicheko! Alikuwa akingoja nimpose tena tu, nami nimekimbilia simu. Amekubali! Sharti: nifute programu, hila basi. Nimefuta mbele yake. Nimeapa kwa kambare wote, mmoja mmoja. Ila siku ya harusi ahesabu Rejo, amesema, kwa heshima, ni mtu wetu. Rejo! Namjua, atatusukuma mpaka mwakani. Kwa hiyo Sarinten alipovuka tu kizingiti nimeanza programu mpya, ya kutafuta siku njema ya harusi. Weka tarehe yoyote uitakayo. Jibu: kesho.