Kiyoyozi Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza mafunzo! Wiki mbili tu, halafu cheti: msafishaji wa mitambo ya kupoza na kupasha joto hewa. Miaka kumi na minane nimekausha nywele za watu saluni. Mimi na hewa ya moto tunajuana.

Mkufunzi ametangaza kwamba atakayeongoza kwa alama katika mtihani wa vitendo ndiye kiongozi wa kikundi kitakachosafisha maktaba kuu. Atavaa kofia ngumu ya njano. Wengine nyeupe. Wakati wa mapumziko nikaijaribu ya njano. Imenikaa!

Saa nne mlango ukafunguliwa. Nani? Wifi yangu! Dada wa mume wangu, na daftari lake, na kalamu za rangi tatu. Kumbe mume wangu alikuwa anajua. Nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Kasema aliogopa. Alimwogopa nani, hakufafanua.

Jumanne, 4 Machi

Tumefundishwa chujio, koili (yale mabomba yenye mabati membamba) na feni. Wifi kajibu maswali tisa. Mimi moja, na nikakosa. Halafu akanisahihisha mbele ya watu: eti, "Wifi, mbona unasugua kama unamsuka mtu?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikacheka pia. Kwa meno tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeona orodha mezani kwa mkufunzi! Kila mtu na kiyoyozi chake cha mtihani. Changu ni namba nne. Sasa, nani kasema lazima nisubiri mtihani ndipo nikisafishe?

Mchana, wenzangu wakila, nikazima swichi kuu (mimi si mjinga), nikafungua kifuniko, nikaosha chujio, nikapiga brashi koili yote, bati moja jembamba baada ya jingine. Feni nikaifuta kwa kitambaa. Kimeng'aa mpaka mtu angeweza kujitazama akapaka wanja. Siku ya mtihani nitagusagusa dakika tano, nikae, nimtazame Wifi akitoka jasho.

Njaa inaniuma, lakini nina furaha isiyo kifani.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa! Mkufunzi kaeleza leo jinsi anavyotoa alama. Nusu nzima ni ya uchafu. Unaukusanya kwenye mfuko, unamwonyesha. Huna uchafu, huna alama.

Namba nne haina hata chembe. Nimeiharibu kwa usafi.

Jumapili, 9 Machi

Natafuta vumbi. Nimeinama chini ya vitanda, nyuma ya kabati, juu ya milango. Hakuna! Mama mkwe alikuja juzi akafagia nyumba nzima bila kuniuliza. Familia hii imeamua kunimaliza.

Nikaenda kwa fundi seremala, nikaomba vumbi la mbao. Akauliza la nini. Nikasema la kuku. Akauliza tangu lini nafuga kuku. Nikasema tangu leo. Nimechanganya na kopo zima la poda iliyobaki saluni. Rangi imekubali kabisa. Vumbi halisi!

Jumanne, 11 Machi

Nilifika kabla ya wote, nikaijaza namba nne. Kazi safi. Nikakaa mbele, mikono magotini, kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni.

Kumbe kabla ya mtihani mkufunzi huwasha kila kiyoyozi, asikilize feni. Kwa nini hatukuambiwa? Namba moja, sawa. Mbili, sawa. Tatu, sawa. Akasogea chini ya namba nne, akatega sikio, akabonyeza.

Puuu!

Wingu lilipotulia, mkufunzi alikuwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Masharubu yamejaa mbao. Akapiga chafya saba, tulizihesabu. Kisha akaniuliza kwa upole wa kutisha hiki ni nini. Nikasema vumbi.

"Vumbi la wapi linalonukia kama mtoto mchanga?"

Nikakiri yote. Niliona cheti kikipaa kama ile poda. Hapo Wifi akasimama. Nikajua ananimaliza. Lakini alisema kwamba ni kweli wifi yake hana akili timamu, ila Mwalimu amulike ndani ya ile koili kwanza. Hakuna bati hata moja lililopinda. Darasani humu nani anasafisha hivyo?

Mkufunzi akamulika. Akapitisha kidole kwenye mabati. Kisha akaamua: nisafishe chumba chote, kuta na viyoyozi vyote kumi, ndio utakuwa mtihani wangu.

Wenzangu walipomaliza mitihani yao, Wifi akavua viatu, akashika brashi ya pili. Tumefanya kazi mpaka saa kumi na moja jioni. Kila tukimkumbuka mkufunzi na masharubu yake, mmoja anateremka ngazi kwa kucheka. Sijacheka hivi na Wifi tangu siku ya harusi yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefaulu! Cheti kina muhuri na jina langu halijakosewa. Wifi ndiye wa kwanza. Alipovishwa kofia ya njano, mtu wa kwanza kupiga vigelegele nilikuwa mimi. Nilishangaa mwenyewe. Mume wangu alishangaa zaidi. Nimemwahidi Mwalimu, mbele ya wote, kwamba ujanja basi.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza maktaba kuu. Wifi alikuwa juu ya ngazi, kichwa ndani ya njia ya hewa, akiniagiza brashi. Msimamizi wa maktaba akapita, akasifu kazi, akaniuliza kama tunatengeneza na lifti. Yao imegoma wiki nzima. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Kesho, saa mbili asubuhi.

Wifi sijamwambia, angeuliza maswali. Nimemwambia tu kwamba kesho nitachelewa, nakwenda kumwona mgonjwa.

Si uongo. Mgonjwa mwenyewe amekwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu.